Gari limeshushwa, shokapu zimekufa: kuchagua mpya za Impreza WRX

Subaru Impreza WRX ya umbo la GD, iliyotoka kati ya 2000 na 2007, ni gari ambalo wengi Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam wamelishusha, au walilipokea likiwa limeshushwa tayari tangu Japani. Springi fupi hudumu. Shokapu ndizo zinazokufa. Mwenye gari anakwenda duka la spea, anaomba shokapu za Impreza, anapewa za kawaida, fundi anazifunga, na baada ya miezi michache moja imelowa mafuta na nyingine inagonga kwenye kila shimo. Lawama zinamwangukia muuzaji kwamba kauza feki. Mara nyingi shokapu ilikuwa halisi kabisa, ila ilitengenezewa gari lililosimama sentimita tatu au nne juu zaidi ya hilo.

Maelezo haya yanafuata Impreza hiyo kwa sababu ndiyo tunayokutana nayo zaidi, lakini vipimo na hesabu zinafanya kazi kwa gari lolote la mwendo lililoshushwa.

Kinachoiua shokapu

Shokapu, au shokomzoba kwa wanaotaja jina refu, haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu na visahani vyembamba vya chuma, inayosukumwa ndani ya mafuta. Mafuta yakilazimishwa kupita kwenye vitundu hivyo, mwendo wa springi unageuka joto na gari linatulia. Shokapu ikifa, springi inaendelea kubeba gari kama kawaida, na ndiyo maana watu huendesha miaka bila kujua.

Ukishusha gari kwa springi fupi huku ukibakiza shokapu ya kawaida, pistoni inahamia chini ndani ya silinda. Nafasi ya kubonyea inapungua kwa kiasi kilekile ulichoshusha. Shimo ambalo zamani lilimalizwa na springi sasa linamalizwa na stopa, ile raba iliyovishwa kwenye rodi. Stopa ikichoka na kumegeka, chuma kinapiga chuma: kichwa cha shokapu kinagonga, vali ya chini inavunjika, sili inapasuka, na mauntingi ya juu, ile raba inayoshika shokapu kwenye bodi, inachanika.

Upande wa pili, gurudumu likining'inia, shokapu ndefu inanyooka kuliko urefu wa springi fupi. Springi inalegea, inazunguka kwenye kikalio chake, na gari likitua inarudi kwa mshindo. Mlio ule wa "ko!" gari linaposhuka tuta, mara nyingi chanzo chake ni hicho wala si boljointi.

Na springi ya kushushia karibu kila mara ni ngumu kuliko ya kiwandani, kwa hiyo inarudi kwa nguvu zaidi. Shokapu laini inashindwa kuizuia. Gari linayumba baada ya tuta moja mara mbili au tatu, na tairi zinakula kwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unahisi vilima.

Pima kabla hujauliza bei

Egesha gari sehemu tambarare, tangi likiwa nusu au zaidi, bila watu ndani. Lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu ili magurudumu yakae sawa, maana gari lililotoka kwenye jeki huwa limesimama juu kuliko kawaida yake.

1. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, wima, pembe zote nne. Usipime kutoka chini ardhini, kwa sababu tairi kipara au rimu ya saizi nyingine itakudanganya. Andika.

2. Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi imara, magurudumu yaning'inie. Pima tena pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi ya gurudumu kushuka. Ukiwa hapo, jaribu kuzungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, imelegea, na shokapu uliyonayo ni ndefu kwa springi hiyo.

3. Vuta juu kava ya vumbi, safisha rodi, funga juu yake tai ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya, ishike bila kubana sana, kisha isukume chini mpaka ikalie kichwa cha silinda. Rudisha kava. Gari likitua, silinda itaisukuma tai juu. Endesha siku mbili tatu kwenye njia zako za kila siku, ukiwa na mzigo na abiria wa kawaida. Halafu inua gari, pima kutoka tai hadi mwanzo wa stopa. Kama tai imegandamana na stopa au imekatika, shokapu yako inaishi juu ya stopa.

4. Toa shokapu moja ya mbele na moja ya nyuma, au ngoja siku ya kubadilisha, na upime urefu ikiwa imenyooka kabisa na ikiwa imebonyea kabisa. Vipimo hivi viwili ndivyo utakavyolinganisha na vya ile unayotaka kununua. Watengenezaji makini huviandika kwenye katalogi zao. Muuzaji asiyevijua, mwombe akupe shokapu na futi uipime mwenyewe pale dukani.

Kwenye STI, toleo kali zaidi la Impreza hiyo, nyingi za GDB kipimo cha tatu hakiwezekani, kwa kuwa shokapu zake zimegeuzwa juu chini na rodi nyembamba imejificha ndani. Kinachoonekana kwa nje ni silinda nene inayong'aa. Hizo tutazirudia chini.

Hesabu yenyewe

Tuseme shokapu ya kawaida ikinyooka ina milimita 530, ikibonyea kabisa ina 370. Mwendo wake wote ni milimita 160. Gari likisimama kwa urefu wa kiwandani, shokapu ina 455: imebakiza 85 za kubonyea na 75 za kunyooka. Stopa ina urefu wa milimita 50, kwa hiyo gari lina milimita 35 za bure kabla stopa haijaguswa.

Shusha gari milimita 40. Sasa shokapu imesimama kwenye 415, na nafasi ya kubonyea imebaki 45. Stopa ni 50. Maana yake gari limeegeshwa tu, halijatembea hata mita moja, na tayari limekalia stopa kwa milimita 5. Wakati huo upande wa kunyooka una milimita 115 ambazo springi fupi haiwezi kuzifuata.

Weka sasa shokapu iliyofupishwa: ikinyooka 490, ikibonyea 345. Gari likisimama kwenye 415 lina 75 za kunyooka, kama zamani, na 70 za kubonyea. Ukitumia stopa fupi ya milimita 35 iliyokuja na shokapu hiyo, umerudishiwa milimita 35 za bure zilezile za kiwandani. Mwendo wote umepungua, kutoka 160 hadi 145, lakini umegawanywa mahali unapohitajika.

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Kipimo cha kutazama ni hiki: gari likisimama, libaki na angalau milimita 25 za bure kabla ya stopa kwa barabara za lami, na zaidi ya hapo kama njia yako ya kila siku ina vumbi na mashimo. Ukikosa hizo kwa shokapu yoyote unayoweza kununua, gari limeshushwa kupita kiasi. Lipandishe kidogo.

Tahadhari kwa magari yasiyo ya muundo huu. Impreza ya GD ina shokapu zinazobeba springi na kushika gurudumu moja kwa moja, mbele na nyuma, hivyo gurudumu likipanda milimita 10, shokapu nayo inabonyea karibu 10. Toyota Altezza ina mikono miwili ya wishiboni kila pembe, na shokapu imefungwa kwa ndani kidogo ya gurudumu. Hapo shokapu inabonyea kidogo kuliko gurudumu linavyopanda, kwa hiyo usichukue kipimo cha madigadi ukakifanya kipimo cha shokapu. Ondoa springi, pandisha gurudumu kwa jeki, pima vyote viwili, upate uwiano wa gari lako.

Ugumu wa shokapu ufuate springi

Springi za kijapani hupimwa kwa kilo kwa milimita. Ukiona imeandikwa 8K, ina maana inahitaji kilo 8 kubonyea milimita moja. Zilizoandikwa kwa nyutoni, gawanya kwa 9.81, zilizoandikwa kwa pauni kwa inchi, gawanya kwa 56.

Nguvu ya shokapu inayohitajika haipandi sawasawa na springi. Inapanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano wao. Springi ikitoka 3K kwenda 4.5K, imeongezeka mara 1.5, na shokapu inahitaji nguvu mara 1.22. Hiyo ni ongezeko la takriban robo, na shokapu nzuri ya michezo inalifikia. Springi ikitoka 3K kwenda 8K, shokapu inahitaji mara 1.63. Hakuna shokapu ya kawaida itakayofika hapo, hata iwe mpya namna gani.

Angalia pia gari litakavyokuwa. Pembe ya mbele ikibeba kilo 370 juu ya springi ya 3K, gari linapenda kupanda na kushuka mara 1.4 kwa sekunde, mwendo wa gari la kawaida lililokakamaa kidogo. Kwa 4.5K inakuwa mara 1.7, gari la michezo la barabarani. Kwa 8K inafika 2.3, na hapo umeingia kwenye ugumu wa uwanja wa mashindano uliosakafiwa vizuri. Kwenye barabara yenye viraka, gurudumu linaanza kuruka badala ya kushika, na gari linakuwa jepesi kwenye kona. Koilova, yaani seti za shokapu na springi zenye urefu wa kurekebishwa, nyingi zinazoagizwa kwa ajili ya Impreza huja na springi za 6K hadi 8K kwa sababu ndizo zinazopendwa na wanaokimbiza uwanjani. Kwa mtu anayekwenda kazini Thika au Mbezi, tunashauri aulize kama springi laini zaidi zinapatikana kabla hajalipa.

Uchague ipi

Gari lililoshushwa milimita 20 au pungufu, springi ikiwa haijaongezwa ugumu sana, linaweza kuendelea na shokapu ya urefu wa kawaida yenye nguvu zaidi, mradi stopa iwe ile inayopendekezwa na mtengenezaji wa springi. KYB New SR Special na Bilstein B6 ni za kundi hili. B6 ni ya bomba moja: mafuta na gesi ya naitrojeni vimetenganishwa na pistoni inayoelea, na mgandamizo wa gesi ni mkubwa, kiasi kwamba mafuta hayatoi povu hata yakipata moto. Za mabomba mawili, kama KYB Excel-G, zina mgandamizo mdogo, ni laini zaidi, na zinavumilia vizuri kugongwa na jiwe kwa nje kwa sababu pistoni inatembea kwenye bomba la ndani. Excel-G ni shokapu nzuri kwa Impreza ambayo haijaguswa. Kwa iliyoshushwa, iache.

Kati ya milimita 25 na 45, nunua iliyofupishwa. Bilstein B8 ni B6 iliyokatwa urefu kwa ajili ya springi za kushushia, na ukiona kifurushi cha B12, ni B8 hizohizo zikiwa na springi za Eibach. Koni Sport, ile ya njano, inafaa pia, nayo inakuruhusu kuongeza nguvu ya kuizuia springi inaporudi, kadri shokapu inavyochakaa. Usichanganye B6 na B8 kwa sababu tu zote ni za njano na zinaingia kwenye bolti zilezile. Soma namba kwenye lebo.

Ukitaka kubadilisha urefu wa gari mwenyewe, ni koilova, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kuna koilova ambazo unashusha gari kwa kushusha kikalio cha springi peke yake. Kila milimita unayoshusha inatoka kwenye nafasi ya kubonyea, tumerudi kwenye tatizo lilelile. Na kuna zile ambazo bano la chini lina nyuzi zake kama za bolti, unazungusha mwili mzima wa shokapu ndani ya bano, gari linashuka na mwendo wa shokapu unabaki wote. Tein Flex Z ni ya aina hii ya pili. Kwa gari la barabarani lipia ya aina ya pili au baki na B8. Na kukaza kikalio juu ya springi hakuifanyi iwe ngumu. Springi ya 6K inabaki 6K, unachoongeza ni urefu wa gari na kupunguza nafasi ya kunyooka.

Wanaoishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, wafikirie chumvi. Nyuzi za koilova zikiachwa wazi zinaganda ndani ya mwaka na kikalio hakizunguki tena. Safisha kwa brashi na maji matamu, kausha, paka grisi nyepesi isiyotoka na maji, na uvalishe soksi za koilova. Kama hutafanya hivyo kila baada ya miezi michache, B8 itakutunza vizuri zaidi.

Mambo ya Impreza hasa

Usiagize kwa mwaka tu. GDA, GDB na GGA ya steshenwagoni zina shokapu zisizolingana, na umbo moja lilibadilishwabadilishwa kila baada ya muda. Chukua chesisi namba, pamoja na namba ya modeli kwenye kibati kilicho chini ya boneti, ambayo ndani yake kuna herufi inayoonyesha toleo, A hadi G. Muuzaji mwenye katalogi atajua. Impreza ya umbo la GR, ya kuanzia 2007, ina mfumo mwingine kabisa nyuma, usikubali ya nyuma ya GR.

Shokapu za Forester ya miaka hiyo zinaingia kwenye Impreza, bolti kwa bolti. Wanaotaka kuinua gari huzitumia kwa makusudi. Kwa gari lililoshushwa ni kosa kubwa, na hutokea kwa sababu muuzaji anayo ya Forester rafuni na anajua zinafanana. Pima urefu.

STI zenye shokapu zilizogeuzwa hugonga zikiwa nzima. Silinda inateleza ndani ya bushi zilizopakwa grisi, grisi ikikauka au ikiingia vumbi unasikia mlio wa kugonga barabara nzima. Kabla ya kuzitupa, mwambie fundi azitoe, azisafishe, azipake grisi upya na akague sili ya vumbi. Kama rodi haivuji na silinda haina michubuko, umeokoa pesa nyingi.

Dukani na sokoni

Shokapu mpya ya gesi ukiibonyeza kwa mkono hadi mwisho na kuiachia, inapanda yenyewe polepole bila kukwama. Ya bomba moja inahitaji nguvu ya mwili kuibonyeza. Ikikaa chini bila kurudi, gesi haipo. Kagua rodi kwenye mwanga: kromu iwe laini kama kioo, bila mistari. Kulehemu kwa kikalio cha springi kuwe mstari mmoja usio na vishimo. Namba iwe imechapwa au kugongwa kwenye chuma, ilingane na ya boksi, na kushoto kusifanane na kulia pale katalogi inaposema ni tofauti. Boksi zuri peke yake si ushahidi. Feki za majina makubwa zina maboksi mazuri sana.

Za mtumba kutoka Japani zinaweza kuwa nunuzi zuri, hasa Bilstein. Nunua nne za seti moja, zote zikiwa na majina na namba zinazolingana. Unyevunyevu mwembamba karibu na sili ni kawaida. Mafuta yaliyotiririka na kushika udongo mpaka chini, hapana. Bonyeza na kuvuta kila moja: ukisikia ulegevu wa ghafla wakati wa kubadili mwelekeo, vali imekwisha. Kikwazo cha katikati maana yake silinda ina bonde au rodi imepinda. Za bomba moja hata bonde dogo linaua, kwa sababu pistoni inatembea kwenye ukuta huohuo uliobondeka.

Kuna mafundi wanaotoboa shokapu, wanamwaga mafuta, wanajaza mazito na kulehemu tundu. Usikubali. Mafuta mazito hayapiti kwenye vali kwa kasi iliyopangwa, gesi imeshatoka, povu linajaa, na shokapu inakuwa ngumu ikiwa baridi na laini ikipata moto, yaani inabadilika katikati ya safari. Vivyo hivyo raba za kupachika katikati ya springi ili gari lisigonge chini: zinafunga sehemu ya springi isifanye kazi, mzigo unahamia kwenye mizunguko iliyobaki, nayo inakatika. Na springi iliyokatwa kwa grenda au kupashwa moto wa gesi, itoe kabla hata hujafikiria shokapu. Iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio, na iliyopashwa imepoteza ugumu wake, itaendelea kushuka.

Vinavyobadilishwa pamoja

Stopa nne mpya, za urefu ulioandikwa kwa shokapu hiyo. Kava za vumbi nne. Mauntingi za juu, pamoja na beringi zake za mbele: mwenzako akae ndani azungushe usukani gari likiwa limesimama, na wewe uliye nje ushike springi, ikiruka kwa vishindo badala ya kuzunguka taratibu, beringi imekufa. Nati ya juu ya rodi haitumiki mara mbili. Stabilaiza linki zikaguliwe, kwani gari lililoshushwa huzikunja kwa pembe mbaya. Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli, na kwa gari kama hili ni bora zote nne.

Kufunga

Kabla ya kulegeza bolti mbili za chini za shokapu ya mbele, weka alama ya patasi au rangi kwenye kichwa cha bolti ya juu na kwenye bano. Bolti hiyo ndiyo ya kurekebisha mlalo wa gurudumu, ile kemba. Fungua mpira wa breki na waya wa ABS kutoka kwenye shokapu, na usiache kalipa wala nako ya gurudumu ining'inie kwa mpira wa breki. Ifunge kwa waya.

Springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyoelekeana, kila kimoja kikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Usiweke uso juu ya springi iliyobanwa. Rodi isikamatwe kwa koleo: mkwaruzo mmoja kwenye kromu utachana sili. Ina tundu la spana ya L au ubapa juu kwa ajili ya kuishika. Mashine ya upepo isitumike kwenye nati hiyo, maana inazungusha rodi na pistoni kwa kasi na kulegeza nati ya ndani. Mwili wa shokapu ya bomba moja usibanwe kwenye jiliwa.

Za mabomba mawili zikiwa zimelazwa dukani muda mrefu, zisimamishe wima na uzibonyeze na kuzivuta taratibu mara tano ili hewa ipande juu. Ukiruka hatua hii, siku za kwanza zitakuwa na ulegevu na utadhani umeuziwa mbovu.

Jaribio moja lina thamani kubwa na mafundi wengi huliacha. Kabla ya kuweka springi, funga shokapu na stopa yake bila springi, weka gurudumu, kisha pandisha kwa jeki mpaka stopa ibanwe kabisa. Zungusha usukani kushoto na kulia. Shokapu fupi inaruhusu gurudumu kuingia ndani zaidi ya madigadi kuliko zamani, na tairi ya 225 kwenye rimu pana inaweza kugusa. Ikigusa, ongeza stopa nene zaidi au ubadilishe rimu sasa, wala usingoje tairi ichanike barabarani.

Kaza bolti zote kwa spana ya toki kwa namba za kitabu cha gari lako.

Baada ya hapo

Nenda alaimenti siku hiyohiyo. Kushusha kunalaza magurudumu kwa ndani, na nyuma ya GD haina marekebisho ya kemba ya kiwandani. Ikizidi, utahitaji bolti au mikono ya kurekebishia. Tou, yaani magurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele, ndiyo inayomaliza tairi haraka, hakikisha imewekwa mbele na nyuma.

Kama shokapu zina kliki za kurekebishia ugumu, anza kwa kukaza hadi mwisho kisha rudi nyuma ukihesabu, ili pembe zote zilingane. Weka katikati, endesha, badilisha kliki mbili mbili. Gari likiyumba zaidi ya mara moja baada ya tuta, ongeza. Lakini angalia rasta, ile mistari ya lami kabla ya tuta. Shokapu ikikazwa kupita kiasi upande wa kurudi, gurudumu halipati muda wa kushuka kati ya mstari na mstari. Kila mstari unalisukuma gari chini kidogo, na ukifika kwenye tuta lenyewe limeshakalia stopa. Gari linalogonga baada ya rasta tu, na si kwenye shimo la pekee, lilegezwe kliki mbili badala ya kuongezwa.

Baada ya kilomita 500 springi zinakuwa zimekaa. Pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, pembe zote nne, ulinganishe na ulichoandika siku ya kwanza. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi milimita 10, toa upande ulioshuka na ukague kama ncha ya springi imekaa kwenye mfereji wake wa kikalio.